Meno ya Plastiki, Mara Mbili

Saa sita kasoro dakika tatu mchana nilikuwa na kazi mbili: kuipitia karatasi ya taarifa ya habari, na kutoa plastiki mdomoni. Siku ile niliifanya ya kwanza, ya pili nikaisahau. Taa nyekundu ikawaka, nikasogea kwenye maiki, nikawatangazia wasikilizaji wetu wa Sumbawanga na vitongoji vyake: "Thatha ni thaa thita kamili." Fundi mitambo, nyuma ya kioo, aliinamisha kichwa mezani huku mabega yakimcheza. Nikaendelea. Ningefanya nini? Habari ya kwanza ilihusu ushuru wa mahindi, ya pili ilihusu Baraza la Madiwani, na sijui ni nani aliyeziandika maana kila neno la tatu lilikuwa na herufi S.

Nilipotoka studio bosi alikuwa mlangoni. "Hiyo pipi utaitema lini?" akaniuliza.

Ndugu msomaji, haikuwa pipi. Ilikuwa alaina, yaani kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachovikwa juu ya meno ili kuyasukuma kidogo kidogo mpaka yakae mahali panapotakiwa. Ukiwa mbali hukioni. Mijini watu wamezoea kuona nyaya za chuma kwenye meno ya watoto wa wenye nacho. Alaina ni mdogo wake wa nyaya, mwenye aibu zaidi na gharama zaidi. Nusu ya gharama yangu aliitoa mjomba. Nusu nyingine nimeilipa kwa awamu kutokana na matangazo ya harusi na ya maduka ya pembejeo ninayosoma. Wenzangu wanasema nimejitakia urembo. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipoketi kwenye kiti cha daktari wa meno Dar es Salaam.

Daktari, mama wa makamo, aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Chini upande wa kushoto sina chonge kabisa. Upande wa kulia chonge lipo lakini limejipinda, limemenyeka nusu, kama mbegu iliyoota chini ya jiwe. Meno ya mbele yameinama kuliegemea pengo. Akaniuliza, "Kwenu wapi?"

"Sumbawanga."

"Ulipokuwa mchanga walikutoa meno ya plastiki?"

Nilicheka. Nilifikiri naye ananitania. Mtu wa kwetu hawezi kutaja anakotoka bila kuulizwa habari za radi na ungo. Jina lenyewe la mji wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi", na ajabu ni kwamba watu husikia neno la pili tu, lile la kwanza la kutupa hawalisikii. Lakini daktari hakuwa anatania. Akanionesha kwenye picha mahali ambapo mbegu ya jino la ukubwani ilipaswa kuwa. Hapakuwa na kitu.

Safari ya kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu mwenye swali moja kichwani huziona zote. Basi lilipofika Tunduma na kukunja kulia kuipanda nchi ya Ufipa, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikifika namuuliza mama. Lakini kabla ya mama niliulizana na neno lenyewe, kwa sababu mimi ni mtu wa maneno. Kila niliposikia watu wa semina wakiyataja meno haya, waliyataja kama "mila potofu za wazee wetu". Wazee wepi hao? Ufipa inajulikana kwa chuma. Wazee wa wazee wetu walijenga malungu, zile tanuri ndefu za udongo kumzidi mtu kimo, wakayeyusha mawe yakatoka majembe na mikuki. Hao walijua udongo, chuma, mkaa na magome. Plastiki hawakuijua! Kwingine nchini hayo hayo huitwa meno ya nailoni, na nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani. Ilipoingia sokoni mwaka 1938, ilianzia wapi? Kwenye nywele za mswaki wa meno. Basi "mila" yenye jina kama hilo ina tarehe yake ya kuzaliwa iliyoandikwa usoni.

Sisemi kwamba jambo lenyewe halina mizizi. Mwaka 1969 Mdenmaki mmoja, bingwa wa magonjwa ya kinywa, Jens Jørgen Pindborg, alichapisha makala juu ya watoto wa Uganda, hasa Waacholi, waliochimbuliwa chonge za utotoni wakiwa bado wananyonya. Habari za namna hiyo zimeandikwa pia kutoka Kenya, Sudan na Ethiopia. Na mkono wa binadamu kwenye meno ya mwenzake ni wa zamani zaidi ya hapo: Wamakonde walichonga meno, Wajaluo waliwang'oa vijana meno sita ya chini, na watu wa pwani mpaka leo huusifu mwanya. Lakini hayo yalifanywa hadharani, mtu akiwa na akili zake, ili aitwe wa kwao. Haya ya plastiki ni kitu kingine. Hapa hapakuwa na ngoma wala jando. Palikuwa na mtoto mgonjwa na mama mwenye hofu.

Kwetu Tanzania uvumi huu ulishika kasi katika miaka ya 1980: kwamba kuna meno mabaya yanayoota kwa mtoto mchanga, meupe, laini kama plastiki, yanayoleta homa na kuharisha, na yasipotolewa mtoto hufa. Mwaka 1992 na tena mwaka 1997 watafiti wetu wa afya ya kinywa, Kikwilu na Hiza, waliandika juu ya watoto waliokwisha kutolewa, na juu ya waganga waliochimbua au kusugua dawa kwenye fizi. Kwa nini miaka hiyo? Hapa natoa maoni yangu, msomaji anaweza kuyakataa. Ile ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, zahanati yenye jengo na mhudumu lakini kabati tupu. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukaingia hospitalini. Ugonjwa haukusubiri. Mama aliyeambiwa "dawa hakuna" alirudi nyumbani na mtoto yule yule, na huko nyumbani alikuwepo mtu mwenye jibu.

Na lilikuwa jibu linaloonekana kwa macho. Hapo ndipo penye ubaya wake. Mtoto akikaribia miezi sita, kinga aliyopewa na mama inapungua. Anaanza kuonja uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kutia kinywani. Basi anaharisha. Wakati huo huo fizi zake zimevimba kwa meno yanayokuja, na pale pa chonge huonekana uvimbe mweupe. Ukimfungua kinywa mtoto yeyote wa umri huo utamkuta "mwizi" yupo palepale. Ukichimba, unatoa kitu kweli: jino changa ambalo halijakomaa, laini, jeupe. Ni nani atakayebisha?

Mama hakubisha. Nilimkuta kijijini, upande wa Mpui, akipuliza maharage, na upepo wa Julai unakata masikio. Nilipouliza hakuacha kupuliza.

"Nani kakwambia?"

"Daktari wa meno."

"Uliharisha siku nane," akasema. "Mwaka 1999, mwezi kama huu. Zahanati walinipa maji ya chumvi na sukari, nikakunywesha, ukatapika. Siku ya nane ulikuwa huwezi kulia. Unajua mtoto asiyeweza kulia? Jirani akakufungua mdomo akasema, huyu ana plastiki, mnamwacha afe hivi hivi? Tukaenda."

Mganga alikuwa mzee mmoja mpole. Mama alilisisitiza hilo. Alitumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Alimwonesha mama vitu vinne kwenye kiganja, vyeupe, vidogo, "kama punje za hindi changa". Malipo yalikuwa kuku. Baada ya siku mbili kuharisha kukakoma.

"Ukapona," akasema mama, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Sasa we ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na la kumjibu. Kuharisha kwa mtoto, akinusurika na kukaukiwa maji, mara nyingi hukoma kwenyewe, siku ya tisa au ya kumi. Mganga yeyote anayeitwa siku ya nane ni mganga hodari. Lakini ungemwambia hivyo mtu aliyembeba mtoto asiyeweza kulia? Wapo waliochimbuliwa wakapata pepopunda, wapo waliotoka damu isiyokatika, na mama zao hawakuwa wajinga kuliko wangu. Mimi deni langu lilikuja polepole, kwa sababu chini ya chonge la utotoni ndiko inakokaa mbegu ya lile la ukubwani, na ncha ya spoku haijui kuchagua.

Historia ya hii plastiki ya pili ni fupi na haina machozi. Mfaransa Pierre Fauchard aliandika juu ya kunyoosha meno tangu mwaka 1728. Alitumia ukanda wa chuma na nyuzi. Mwaka 1945 Mmarekani Harold Kesling akaeleza kifaa cha mpira cha kuyasogeza meno bila nyaya. Kisha mwaka 1997, huko California, Zia Chishti na Kelsey Wirth, wanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha kampuni ya Align Technology. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa meno. Chishti alikuwa amevaa nyaya ukubwani, naye akajiuliza kwa nini kompyuta isichore safari nzima ya jino, hatua kwa hatua, na kila hatua ikatengenezewa kifuniko chake. Ruhusa ya serikali ya Marekani ilipatikana mwaka 1998. Kila kifuniko husogeza jino kama robo ya milimita tu. Mfupa wa taya humomonyoka upande unaosukumwa na kujengeka upande ulioachwa. Unavaa cha kwanza wiki moja au mbili, unakiweka kando, unavaa cha pili. Kwa mtu wa Sumbawanga hilo ndilo lililoamua. Nyaya zinamtaka daktari kila baada ya wiki chache. Alaina unapewa kadhaa kwa mara moja, unarudi nazo kwenye basi.

Wasichokuambia ni habari za kazi. Inatakiwa uivae saa 20 mpaka 22 kwa siku. Bakiza saa mbili, halafu nawe upange: chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku, kupiga mswaki kila baada ya vyote hivyo, na mimi juu yake nina taarifa nne za habari za dakika kumi kumi. Saa nne wenzangu wanakaa chini ya mti na chai ya rangi na chapati, na hapo ndipo mambo yote ya ofisini huamuliwa: nani apewe kipindi, nani aende kwenye ziara ya mkuu wa mkoa. Ukiwa na alaina unakunywa maji tu, maana chai huipaka rangi na moto wake huipinda. Ukiitoa, dakika zinahesabika. Kwa miezi miwili nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka mezani, na kipindi cha Jumamosi nilichokitaka akapewa mwingine. Siku moja kwenye mgahawa niliifunga kwenye tishu nile migebuka kwa raha zangu. Mhudumu akaifagia pamoja na miba. Nikapekua pipa la taka nikiwa na shati la kazi na kitambulisho shingoni. Niliipata. Naomba tusiendelee na habari hiyo.

Mwishowe niliamua kusoma habari nikiwa nimeivaa, nisivunje saa zangu. Kila usiku nilisoma kwa sauti mswada wa riwaya yangu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ulimi ukajua njia mpya ya kuipitia S. Ilichukua wiki tatu. Herufi imerudi. Mswada, baada ya kusikilizwa hivyo, umepungua kurasa arobaini, na ninyi mnaoandika jaribuni hivyo hata bila plastiki.

Mwezi uliopita mama alikuja mjini kukaa na mtoto wa dada, mwenye miezi saba. Siku ya pili mtoto akaanza kuharisha. Amechanjwa chanjo ya rota, ambayo nchini ilianza kutolewa Januari 2013, lakini si kila kuharisha ni rota. Jirani akaja, akamfungua kinywa kwa kidole, akasema, "Mama, hujaona? Plastiki hiyo."

Mimi nilikuwa bombani nikisuuza alaina. Mama akatoka na mtoto mgongoni, akainyakua mkononi mwangu, akaiinua juani, akaona tundu tupu za meno yangu zimepangwa kama punje kwenye gunzi.

"Kumbe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akaingiza kidole gumba, akapapasa pengo la chini, kushoto. Hakuwahi kunigusa pale tangu siku ile. "Mimi ndiye niliyekushika kichwa," akasema.

Kisha akaifuta alaina kwa pindo la kanga, jambo ambalo daktari amekataza kabisa, akanirudishia. Kule nyuma jirani alikuwa bado anasubiri mlangoni. Mama akamkaza mtoto kanga mgongoni.

"Bodaboda mpaka zahanati shilingi ngapi?" akaniuliza. "Na umwambie aende taratibu. Nataka chumvi zile za pakiti, na vile vidonge vya zinki ulivyovisoma redioni."