Kwa Nini Iwe Ngono ya Burudani

Wanasosholojia wa Marekani wana istilahi ya ngono ifanywayo kwa ajili ya raha yenyewe, bila kulenga uzazi wala kudai mapenzi. Mfasiri anayetaka kuileta kwetu haishiwi maneno. Yanamjia mengi mno, na karibu kila moja limekwisha kutoa hukumu. Uasherati na zinaa ni maneno ya mimbari. Ngono zembe imetokana na mapambano dhidi ya UKIMWI, nayo inamlaumu asiyejikinga, awe anapenda au hapendi. Anasa, ingawa asili yake ya Kiarabu ni kuzoeana na kuliwazana, leo haitamkwi bila “za dunia” kuinyemelea kwa nyuma. Lipo hata tendo la ndoa, msamiati wa adabu ambao magazeti yetu huwapa hata watu wasiooana. Hapa ungetuzalia tendo la ndoa lisilo na ndoa. Mimi nachagua ngono ya burudani, na sababu yangu imo katika utafiti uliolipa neno hili uzito.

Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Edward Laumann akiwa kinara wao, waliwahoji Wamarekani 3,432 wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na kitabu chao kikatoka mwaka 1994. Pamoja na kuuliza nani kafanya nini, walipima mitazamo: ngono kabla ya ndoa na nje yake, nafasi ya dini, ulazima wa mapenzi. Majibu yakajigawa makundi matatu. Wa kimapokeo waliongozwa na dini. Wa uhusiano walitaka mapenzi yawepo hata kama ndoa haipo. Wa burudani, karibu robo ya wote, hawakuona kwamba ngono lazima ifungamane na mapenzi. Angalia kundi hilo la tatu lilivyopatikana: hakuna aliyesimama mlangoni pa klabu ambako watu hukutana kwa ngono ya aina hii kuhesabu waingiao. Mtu anaweza kuwa na mtazamo wa burudani na akazeeka na mke mmoja. Mwingine akapita kwenye klabu hizo kila mwezi huku moyoni akijua anatenda dhambi. Istilahi hii inataja maana ambayo watu hulipa tendo, haitaji mahali. Hapo ndipo ngono ya starehe, mshindani wa karibu kabisa, inapoanguka. Kumbi za starehe tunazijua: ni baa na disko. Ukisema starehe, msikiaji keshaona bia, taa za rangi na noti zinazopita mkono kwa mkono, na mara tumeingia kwenye biashara ya ngono, ambayo ni mada nyingine. Anayelipwa yuko kazini, hata kama anayemlipa yuko kwenye burudani.

Wapo watakaosema burudani ni neno jepesi mno, la taarabu na mpira. Wepesi huo ndio uliokusudiwa: watu wa robo ile wanaliweka jambo hili karibu na mambo mengine yanayoburudisha, na neno lenye mzizi mmoja na baridi linawafaa. Pingamizi zito ni jingine, kwamba neno lisilolaumu linaufunika uovu. Silioni hivyo. Mhubiri bado ana uasherati wake, hakuna aliyemnyang'anya. Ila akitaka kubishana na mtafiti, sharti kwanza wawe wanazungumzia kitu kimoja.

Kuhusu klabu zenyewe ambako ngono hii hufanyika, tafsiri ya haraka ni klabu za watu wazima, nayo inapotosha. Kwetu utu uzima ni kujizuia, “mtu mzima huoni haya?” ni karipio. Kwa Kiingereza cha matangazo, utu uzima huo huo ni ruhusa. Afadhali klabu ya faragha, na ushahidi wangu unatoka Montreal. Klabu ya L'Orage ilikuwa na ghorofa tatu: baa, sebule, na juu kabisa nyumba ya mwenye klabu, ambako wanachama walikutana kimwili kwa hiari. Kila mwanachama alihojiwa kabla ya kukubaliwa na kulipa ada ya mwaka. Kwenda juu kulikuwa na milango miwili, mmoja umeandikwa kwa Kifaransa kuwa ni wa faragha, mwingine ukifunguka kwa namba ya siri. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada, majaji saba dhidi ya wawili, ilimfutia mwenye klabu hatia ya kuendesha danguro la uchafu: kigezo kikawa madhara yaliyothibitishwa, si kiasi ambacho jamii inaweza kukivumilia. Atakayesema faragha ni ya wawili tu, na kwamba penye wanachama wengi hakuna faragha, ana wenzake: majaji wale wawili waliiona nyumba ile ya juu kuwa mahali pa hadhara, mlango wenye namba uwepo usiwepo.