Neno "Makini" na Asili Yake

Hapa Kibaoni, kama katika shule nyingine, mwalimu akiona watoto wanacheza darasani husema, "Kuweni makini!" Nao huelewa: tegeni masikio. Maana hiyo si mbaya, lakini siyo ya kale. Katika kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, makini ni utulivu wa moyo na haiba ya mtu asiyebabaika. Mtu wa makini akitukanwa hapandwi na hasira, na akisifiwa hajivuni.

Asili ya neno ni Kiarabu. Makini kwao ni kitu imara, kilichokaa mahali pake kisiondoshwe. Katika Kurani neno hili latajwa katika habari za Yusufu, mfalme wa Misri alipompa cheo. Tena latumika kwa tumbo la mama, makao salama ya mtoto. Ndugu yake ni yamkini. Shina lao ni moja, kwa kuwa aliyesimama imara ndiye awezaye kutenda.

Je, neno letu la Kibantu, tulia, halikutosha? Na tulitazame. Tulia latokana na tua, kama pakulia litokavyo katika pakua, na chukulia katika chukua. Ile l iliyopotea katika tua yarudi mahali pake. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua mtini. Basi atuliaye, kwanza alikuwa na mzigo au mwendo. Sisi wa bonde la Kilombero twaona mfano wake kila mwaka: wakati wa masika mto hufurika mbugani, maji yakawa mazito kwa udongo; baadaye tope hutua chini, na maji hutulia. Makini haingoji hayo. Ni hali ya jiwe lililokaa chini ya maji yale yale tangu mwanzo wa mafuriko.

Maana ya sasa ilizaliwa kwa njia nyepesi, nadhani: asiyebabaika husikia vema anayoambiwa. Lakini mtoto amemfunika mzazi wake, na hasara yaonekana darasani. Wanafunzi wasomapo hadithi za zamani, wakikuta kwamba mtu fulani mbele ya liwali "alijibu kwa makini," hueleza kuwa alichagua maneno yake kwa uangalifu. Sivyo. Alijibu, na sauti yake haikutetemeka.