Thika na Ruiru: Nani hasa mwenye lafudhi?

Abiria akisema "mwarimu" ndani ya matatu inayotoka Thika, nusu ya gari huangua kicheko. Nimeishuhudia hali hii mara nyingi, nami hujiuliza: kati ya anayecheka na anayechekwa, nani hasa mwenye lafudhi?

Tuanze na majina ya miji yenyewe. Sauti inayoandikwa 'th' katika Kikuyu hutamkwa kama 'dh' ya "dhahabu", wala si 'th' ya "thamani". Wenyeji basi huuita mji wao "Dhika". Na Ruiru je? Kiswahili kina irabu tano, Kikuyu kina saba. Jina hilo kwa Kikuyu ni Rũirũ, na 'ũ' hiyo hukaribia 'o'. Mgeni akisikiliza vizuri atasikia kitu kama "Roiro". Lakini reli ilipofika Thika mwaka wa 1913, ramani na vibao vya wakoloni havikuwa na nafasi ya alama hizo. Kibao kikashinda kinywa cha mwenyeji.

Ajabu ni kwamba anayeyaboronga majina haya hachekwi hata kidogo. Anayechekwa ni Mkikuyu, eti kwa sababu lugha yake ya kwanza haina 'l', na "kalamu" ilipoingia humo ikawa "karamu".

Wapwani nao yamewakuta. Mnamo 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji uo huo, kikaachwa. Tangu hapo Mmvita akisema "mtele" badala ya "mchele" huonekana amepotoka, ilhali anasema walivyosema babu zake.

Sidai kwamba matamshi hayana uzito. Anayeomba karamu akitaka kalamu huenda akangoja pilau, na ni wajibu wa mwalimu kumsahihisha. Ila kusahihisha si kudhihaki. Mwanafunzi anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hawezi kujifunza kutamka. Hapo tumempoteza msemaji wa Kiswahili kwa ajili ya herufi moja.

Kwa hivyo, mwalimu wa Thika na aendelee kuifunza hiyo 'l'. Darasa likianza kucheka, awaombe wacheshi watamke Rũirũ kwanza.