Nyundo Iliyopotea na Sarafu za Kilwa

Mkulima mmoja wa Hoxne, huko Uingereza, alipoteza nyundo shambani. Novemba 16, 1992 rafiki yake, Eric Lawes, akaja kumtafutia kwa mashine ya kutambua metali, ile inayopitishwa juu ya ardhi kama mtu anayefagia, na ikinusa chuma inalia. Ililia kweli, lakini si kwa nyundo. Chini palikuwa na dhahabu na fedha za Warumi, na kila akichimba zinazidi.

Hapo, ndugu msomaji, wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungejaza gunia usiku huo huo. Lawes aliacha kuchimba, akawaita wakubwa. Wataalamu wakafukua pole pole, wakakuta sarafu zinazokaribia 15,000, mikufu, vijiko, hata mabaki ya sanduku la mbao, kiasi cha kujua kipi kilipangwa wapi. Tuzo ikawa pauni milioni 1.75, naye akagawana na mkulima. (Nyundo pia ilipatikana. Ikapelekwa British Museum pamoja na hazina!)

Mashine hizo zilipata umaarufu vitani, zikitafuta mabomu ya ardhini. Leo ni mchezo wa mapumziko: watu huzipitisha kwenye bustani za mji, mahali mifuko ilipovuja chenji, na mara nyingi wanaondoka na vizibo vya soda. Hakuna ubaya, mradi mwenye bustani ameruhusu. Ubaya unaanza pale kinacholia ni cha kale.

Tazama kwetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja unamtaja Mungu, wa pili unamtaja sultani, na pande hizo zina vina! Sarafu yenye vina, jamani. Sisi tunaohangaika na mashairi tuna babu zetu pale. Lakini hazina mwaka. Umri wake unatokana na udongo ulioziba juu yake na vitu vilivyolala karibu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nazo hazina mwaka vile vile. Bahati nzuri zilikuwa pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, zenye mwaka. Kwa hizo chache, zile nyingi zikajulikana kuwa za karne ya 11. Angekuja mjanja akachukua dhahabu tu, akaacha fedha, basi hesabu yote ingepotea.

Sasa nenda Australia. Mwaka 1944 mwanajeshi wa anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni mwa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa. Akaziweka, miaka ikapita. Mwaka 1979 zikaonyeshwa wataalamu: nne ni za Kampuni ya Kidachi ya Mashariki ya India, tano ni za Kilwa. Za Kilwa, Australia! Zilifikaje? Wapo wanaosema mabaharia wa Makassar waliokwenda huko kuvua majongoo bahari ndio waliozibeba. Wapo wanaowataja Wareno, ambao waliipora Kilwa mwaka 1505. Kuna hata wanaoota jahazi la Waswahili lililopotea njia, na mimi ndoto hiyo naipenda kuliko zote, ila ushahidi wake ni mwembamba. Isenberg alitia alama ya X kwenye ramani, simlaumu, alikuwa vitani. Lakini X haisemi zilikuwa juu ya mchanga au chini yake, pamoja au mbalimbali, wala kando ya nini.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na kuchimba magofu kunataka kibali. Mchimbaji wa siri anaona ni urasimu tu. Kilo ya shaba ina bei yake sokoni, naye anaijua. Vile vina viwili atakavyoyeyusha vilipigwa kwa jina la nani, hatauliza, na baada ya moto hakuna atakayeweza kumjibu.