Lushoto: Mji wa milimani unaoishi kwa msitu wake

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha huupita mji wa Mombo, mkoani Tanga, akiwa amechoshwa na joto la nyika na mashamba ya mkonge. Wachache hukata kulia hapo na kuifuata barabara ya lami inayojipinda kupanda Milima ya Usambara Magharibi.

Safari hiyo ya takriban kilomita 34 hubadilisha kila kitu. Joto hupungua, migomba na mashamba ya mboga hutanda kwenye miteremko, na kabla ya kuufikia mji wa Soni huonekana maporomoko ya maji kando ya barabara. Mwisho wake ni Lushoto, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo, mji mdogo uliojificha bondeni katika mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari.

Wengi huenda huko kutafuta hewa baridi na mandhari. Hata hivyo, mgeni anayetaka kuielewa Lushoto hana budi kutazama pia mambo matatu ambayo wenyeji wameyahangaikia kwa vizazi vingi: udongo, mvua na msitu.

Nchi ya Wakilindi

Milima hii ni nchi ya Washambaa, ambao tangu zamani huitofautisha shambaai, yaani mlimani, na nyika iliyo chini. Simulizi zao zinaeleza kwamba ufalme wao ulianzishwa na Mbegha, mwindaji kutoka Unguu aliyewagawia wenyeji nyama ya nguruwe-mwitu, nao wakampa utawala. Ukoo wake wa Wakilindi ulitawala kutoka Vuga, na habari zake zimehifadhiwa katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili cha Abdallah bin Hemedi.

Mtawala aliyevuma kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, alitembelewa na mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848.

Mfalme wa Washambaa alitazamiwa kuleta mvua kwa wakati wake. Alipofanikiwa ilisemwa kwamba ameiponya nchi, kwa Kishambaa kuzifya shi. Njaa na ukame vilipoingia, ilisemwa nchi imeharibiwa, yaani kubana shi.

Kutoka Wilhelmstal hadi Lushoto

Wajerumani walivutiwa na baridi ya milima hii wakaufanya mji huu kituo cha utawala, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, Wilhelm II. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, ikaifungua njia ya walowezi na mazao. Majeshi ya Uingereza yaliutwaa mji huo Juni 1916.

Utawala wa Waingereza nao uliacha kumbukumbu chungu. Kuanzia mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, na baadaye sehemu nyingine za Usambara, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, ardhi ilikuwa haba, na watu waliipinga hadi mpango huo ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tatizo lenyewe halikuondoka. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP uliosaidiwa na Ujerumani, ambao ulihimiza upandaji wa miti na majani ya guatemala katika mistari inayokingama mteremko. Majani hayo hushika udongo, na ng'ombe wanaofugwa bandani hupata malisho.

Mahali pa kutembelea

Kivutio kinachojulikana zaidi ni Irente, kilomita chache kutoka mjini. Hapo mlima hukatika ghafla na mgeni husimama juu ya jabali akiitazama nyika ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge mamia ya mita chini. Njiani kuna shamba la Irente, linalofahamika kwa jibini, mkate na jemu zinazotengenezwa hapo hapo.

Upande wa kaskazini wa mji upo msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Magamba, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Ndani yake kuna miti mikubwa ya mkulo, ndege adimu na mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani.

Mwenye siku zaidi anaweza kufika Mlalo, ambako wamisionari wa Kilutheri waliweka kituo mwaka 1891, kisha Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ukingo wa milima. Kutoka huko huonekana tambarare za Mkomazi na, hali ya hewa ikiruhusu, Milima ya Upare.

Kwa nini msitu ni hoja

Kabichi, karoti na viazi mviringo kutoka Lushoto hupakiwa kwenye malori kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mito ya milima hii huteremka kuingia Mkomazi na Lwengera, kisha Pangani, ambao maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Mto Umba, unaoanzia upande wa kaskazini, huvuka hadi Kenya kabla ya kuingia Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo mti unaokatwa Magamba si hasara ya Lushoto peke yake. Mkulima mwenye kipande kidogo cha mteremko hushawishika kusogea msituni. Msitu ukipungua, mvua kubwa huuchukua udongo wake, na mkazi wa mjini hulipia pengo hilo sokoni.

Kwa anayepanga safari

Yapo mabasi yanayofika Lushoto moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Tanga. Mengine humshusha abiria Mombo, akapanda gari dogo. Juni hadi Agosti baridi ni kali na sweta ni lazima. Masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo huteleza.

Kuingia Magamba hulipiwa kiingilio, na ni vyema kumchukua mwongozaji wa hapo hapo. Ada hiyo husaidia kuutunza msitu, na ujira wa mwongozaji humpa kijana wa Lushoto sababu ya kuuacha mti usimame. Katika nchi ambayo wafalme walipimwa kwa kuiponya ardhi, hata mgeni wa siku mbili anaweza kuwa na sehemu yake katika kazi hiyo.