Sirene, kilio na maji ya asidi: namna watu wa Lubumbashi wanavyoitana siku ya hatari

Mara nyingi tukisema juu ya desturi, watu wanafikiri paka ngoma, mavazi, mahari na majina ya ukoo. Sisi tumeona vema kuandika hapa juu ya desturi moja isiyoonekana mpaka siku ya taabu: namna watu wa mji wetu wanavyoambiana kwamba hatari imefika, na nani anakwenda kumtoa mzee kitandani. Jambo hili lilitugusa upya tarehe 4 Novemba 2025, wakati maji ya kiwanda cha CDM yalipotoka katika bwawa lake na kuingia mitaani, upande wa Kasapa, Kamatete na kartie Moïse. Lakini tusianzie pale, maana ile siku ina mizizi mirefu.

Wazee waliotoka vijijini kuja kutafuta kazi walikuja na njia yao. Kule mondo ililia, au mwanamke alipiga yowe usiku, na kila mlango ulifunguka. Hapakuwa karatasi wala ofisi. Kijiji kilijua nani ni kipofu, nani amezaa juzi, nani miguu yake imekufa, na kilijua ni kijana gani atambeba. Ujuzi wa namna hii hauna jina, kwa hiyo ni rahisi kuupoteza.

Halafu ikaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Miaka ile ya mwanzo wafanyakazi walikufa wengi kwa magonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mwendo: ilitaka mfanyakazi akae na mke wake na watoto, asirudi kijijini kila mara. Njo kusema kambi, posho, lupitali, mahali pa kupima batoto, na juu ya wote yule mkubwa wa kambi, tshanga-tshanga. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake. Sirene iliita watu kazini. Ikilia saa isiyo yake, kila mama wa kambi alijua kwamba iko mambo. Watu walisema, "Union Minière njo baba, njo mama," na hawakuwa wanatania. Baba huyo alikuwa mkali, lakini alijua hesabu ya watoto wake.

Hapa tunapenda kusema wazi, maana siku ya leo kuna wengi wanaolilia kambi kama paradiso. Ule msaada ulikuwa na ua. Aliyekaa nje ya ua, mke wa muuza makaa kwa mfano, hakuwa kwenye hesabu ya mtu. Tena sirene haikulia hata siku moja kwa ajili ya moshi. Wakati wa kipwa upepo wetu unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka makumi ulipeleka moshi wa salfa na vumbi la madini upande wa kaskazini-magharibi, juu ya kambi na hata ku Penga Penga, ambako udongo ulijaa shaba na metali nyingine mpaka miti ikashindwa kuota. Wasomi wa chuo kikuu chetu wameupima udongo ule. Mlima ukipoteza miti yake, si ajali? Lakini kwa sababu ilikuja polepole, hakuna aliyepiga kengele. Watu walikohoa na kwenda kazini.

Basi baba akazeeka. Kampuni ilipokonywa na leta kuanzia mwaka wa 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, mwaka wa 1991 mji ukaporwa, na miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Hiari gani, wenye kujua wanajua. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuandika kitabu mwaka wa 2001 juu ya bana Shaba walioachwa na baba yao, na jina la kitabu linatosha. Watu walihesabu mshahara na posho waliyopoteza. Wachache waliona kwamba kilipotea kitu kingine pia: ile orodha ya nani yuko wapi.

Matokeo yake yalionekana upesi. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, lakini watu waliendelea kuchimba, na Julai mwaka uleule shimo likawaangukia. Wachimbaji wale hawakuwa na namba kama watu wa kambi. Aliyekuwa chini alijulikana tu na wenzake. Februari 2019, kwenye barabara ya Lualaba, lori la asidi liligongana na basi karibu na kijiji cha Kabwe, na watu karibu 20 wakafa. Mtu aliyemwagikiwa na asidi anatakiwa kuvuliwa nguo na kumwagiwa maji safi mengi, dakika 20 na zaidi, bila kumsugua. Ni jambo dogo, mtoto wa masomo anaweza kulifanya. Lakini malori yale yanapita kila siku mbele ya vijiji ambako hakuna aliyefundishwa, na ambako maji yenyewe mama anayachota mbali.

Mwaka wa 2025 tulipata fundisho kwanza kwa jirani. Tarehe 18 Februari, bwawa la Sino-Metals kule Chambishi, Zambia, lilipasuka na kumwaga lita karibu milioni 50 za maji ya asidi, mpaka mto Kafue. Mji wa Kitwe, ambako wengi wetu tuko na ndugu, ulifungiwa maji. Serikali ilituma ndege na mashua kumwaga chokaa mtoni ili kuipunguza nguvu asidi. Samaki walikuwa wamekwisha kufa, lakini angalau watu waliambiwa: musikunywe.

Miezi tisa haikutimia, ikawa zamu yetu. CDM ni mtoto wa kampuni ya Uchina Huayou Cobalt. Waziri wa Mines, Louis Watum, alisimamisha kazi zake kwa miezi mitatu na kudai isafishe na kulipa hasara. Katika makosa yaliyotajwa na wizara, moja lilitufanya tuache kusoma kwanza: kiwanda hakikuwa na mpango wa dharura. Kiwanda cha asidi, kando ya nyumba za watu, bila karatasi inayosema nani apige simu kwa nani. Na Kodi ya Mines ya 2002, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, inasema mwenye kampuni anajibu kwa hasara aliyoleta hata kama kosa lake halikuonekana.

Sheria inalipa nyuma. Saa ile maji yanapoingia uani, kinachofanya kazi ni jirani: "Yaya, towa batoto! Mayi haya iko na asidi, musiikanyage!" Anayesikia na mwenye miguu anapanda mahali pa juu. Kiziwi hasikii. Mama aliyejifungua juzi anachelewa. Mwenye pumu anashindwa na harufu, mtoto anaona maji ya rangi na kuingia kucheza, na kesho yake bibi anarudi kuchota kwenye kisima chake kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kisima nacho kimeguswa.

Sisi tunafikiri dawa iko karibu, na haikutoka Ulaya. Mtu akifa katika avenue, kabla ya saa moja viti vimekodishwa, bukari inapikwa, na mtu mmoja ameshika daftari la kilio, anaandika nani ametoa nini. Daftari lile linajua kila nyumba, wapangaji pia, bila kujali kabila wala kampuni. Lilishinda sirene katika jambo moja: halina ua. Tunaomba mashefu wa kartie na wamama wanaolishika waongeze kurasa mbili mwishoni. Ukurasa wa kwanza: nyumba ambamo yuko mzee asiyetembea, kipofu, kiziwi, mjamzito, mtoto mchanga. Wa pili: jina la anayekwenda kumchukua, na la mwingine kama wa kwanza yuko kazini, pamoja na namba ya simu ya mwenye pikipiki au kigari cha kusukuma. Kisha nakala moja ipelekwe ku kiwanda kilicho karibu, na mlinzi wa mlangoni atie sahihi kwamba ameipokea.