Kwata, Beni na Mkia wa Kuku: Mazoezi ya Viungo ya Watoto katika Pwani ya Tanga

Katika Kiswahili, kitenzi kucheza kina eneo pana: ngoma huchezwa, mpira huchezwa, na hata kwata, yaani mazoezi ya kijeshi ya kupiga hatua na kugeuka kwa amri, nayo huchezwa. Matumizi hayo yanafaa kuzingatiwa na anayechunguza historia ya mazoezi ya viungo mjini Tanga, kwa kuwa yanadokeza namna wenyeji walivyolipokea zoezi lililoletwa na wageni: waliliingiza katika mchezo wa kuigiza, ambao watoto wao walikuwa wakiujua tangu zamani.

Mtoto wa pwani aliyesoma chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, aliunyoosha mwili wake uwanjani na ufukweni, bila filimbi wala msimamizi. Kamusi za kale zinaueleza mchezo wa tinge kuwa ni kumfuata kiongozi na kuiga kila afanyacho, na kwa hiyo kiongozi akichechemea, kundi zima huchechemea. Katika mchezo wa kuku na mwewe, watoto hushikana viuno nyuma ya mmoja aliye mama, ambaye hutanua mikono kama mbawa ili kumzuia mwewe asimnyakue kifaranga wa mwisho. Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, maana mama akisogea hatua mbili tu kando, aliye mkiani hulazimika kuzunguka upinde mrefu kwa mbio kali, naye hukimbia kwa hofu ya kunyakuliwa, hofu ambayo anajua kuwa ni ya kujitungia. Mchezo wa ukuti, ambao watoto hushikana mikono na kuzunguka huku wakiimba, umechukua jina la jani la mnazi, mti ambao hauhitaji maelezo kwa mtu wa Tanga au Pangani.

Shule ya serikali ya Kijerumani, iliyoanzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuja na fikra nyingine juu ya mwili wa mwanafunzi. Walimu wake walitoka katika nchi ambayo tangu Friedrich Ludwig Jahn alipofungua uwanja wake wa mazoezi mjini Berlin mwaka 1811, jimnastiki ilikuwa imefungamana na uzalendo na maandalizi ya vita. Shule hiyo ilikuwa pia na bendi ya tarumbeta, na bendi za aina hiyo ziliigwa katika jambo ambalo halikuwamo katika ratiba yoyote.

Jambo hilo lilikuwa beni, ngoma iliyochukua jina lake kutoka neno bendi, na ambayo chimbuko lake liko katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Tanga ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, ambavyo wanachama wake walivaa sare, wakapiga gwaride na kupeana vyeo vya majenerali na wafalme. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kuwa beni haikuwa kasuku wa Mzungu, bali uwanja wa mashindano ya wenyeji wenyewe, na hoja hiyo inakubalika. Inaweza kuongezwa kwamba beni ni tinge ya watu wazima: kiongozi anayeigwa ni ofisa wa kikoloni, ila yeye hakuombwa ruhusa.

Waingereza waliiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Kwao Uingereza, mwongozo wa mazoezi ya shule wa mwaka 1919 ulikuwa tayari umelegeza amri na kuwapa watoto wadogo michezo zaidi, jambo ambalo wazee wa Pangani wasingeliona kuwa ugunduzi. Baada ya uhuru, shule za Tanzania zilijulikana kwa mchakamchaka, yaani mbio za pamoja za asubuhi zinazoendeshwa kwa nyimbo za kuitikiana. Hapo hatua ni ya kijeshi, lakini pumzi inaongozwa na wimbo, na mwimbishaji hodari huweza kuwakimbiza wenzake mbali kuliko fimbo.

Baadaye mtaala wa shule za msingi ulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Kipindi cha aina hiyo huweza kuanza kwa mstari ulionyooka, kila mtoto akiweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake ili kupima nafasi. Mikono hiyo ikishuka hadi viunoni, na mtoto wa mbele akitanua yake, mstari umekwisha kuwa kuku na vifaranga vyake, na aliye mwisho ameanza kutazama nyuma.